Valparaíso Hapakuwa na Pigano

Wapo hadi leo wanaouita mkasa wa Valparaíso pigano. Nakataa. Pigano lina pande mbili. Jumamosi ya tarehe 31 Machi 1866, mkesha wa Pasaka, manowari za Hispania zilijipanga mbele ya bandari kuu ya Chile, zikaimiminia mizinga kwa takriban saa tatu, na nchi kavu haikuwa na cha kujibu. Wakazi walishakimbilia vilimani. Hospitali zilitundika bendera nyeupe. Kule ufukoni ghala za forodha zikateketea na shehena zake, nyingi zikiwa mali za wafanyabiashara wa kigeni.

Chile ilikosa nini? Iliwanyima Wahispania makaa ya mawe baada ya wao kuvinyakua visiwa vya Chincha vya Peru, vyenye utajiri wa mbolea ya ndege. Basi Admirali Pareja wa Hispania akaichagua sikukuu ya uhuru wa Chile, 18 Septemba 1865, kudai bendera yake ipigiwe mizinga 21! Nani mwenye damu mwilini angekubali? Chile ikatangaza vita. Novemba, manowari ya Chile, Esmeralda, ikaiteka Covadonga ya Hispania, na Pareja akajipiga risasi. Mrithi wake, Méndez Núñez, akaja kuiosha fedheha hiyo kwa kuchoma mji usio na silaha.

Vikosi vya Uingereza na Marekani vilikuwepo palepale. Rodgers, kamanda wa Marekani, alikuwa radhi kuingilia kati endapo Denman, mwenzake wa Uingereza, angeungana naye. Denman akakataa. Wote wawili wakasogeza meli zao pembeni ili mizinga ipate njia.

Lakini uchungu wangu mkubwa uko Santiago. Miaka nenda miaka rudi, serikali ilivuna ushuru wa bandari hii, kisha ikaiacha uchi, hata vita ilipokwisha kutangazwa na yenyewe! Tazama Callao, bandari ya Peru, Wahispania walipoishambulia mwezi mmoja tu baadaye, tarehe 2 Mei. Peru ilikuwa na mizinga ya Armstrong na Blakely. Waziri wake wa vita, José Gálvez, alikufa katika mnara wa ulinzi pamoja na wapiganaji wake, lakini Méndez Núñez naye alijeruhiwa, na meli zake zikaondoka zimepigika.

Ndipo Chile ikajenga ngome Valparaíso, ikaagiza Uingereza manowari za chuma, Cochrane na Blanco Encalada. Ghala zilishakuwa majivu.