Ngoma Iliyotengwa na Kisa Chake

Wapo wanaodai kwamba ngoma za jadi zimeokoka, maadamu zingali zikichezwa jukwaani. La hasha! Mwaka 1962 Tanganyika iliunda wizara ya utamaduni. Mwaka huo huo Habari za Wakilindi, kazi ya Abdallah bin Hemedi, ilichapwa tena. Ngoma ikapelekwa uwanjani, kisa kikapelekwa maktabani, na tangu hapo hukutana kwa nadra.

Kisa chenyewe ni cha Mbega, kigego aliyetengwa na jamaa zake huko Nguu, akaua simba na kuwagawia Wasambaa nyama hata wakamtawaza. Huko Vugha, kumtawaza mrithi wake kulikuwa kurudia kuja kwake, ngoma ya ufalme ikilia. Basi kijana wa Ngombezi, chini ya milima hiyo hiyo, akifundishwa hatua pasipo kisa, amefundishwa nini ila kutikisa mabega?

Watasema tambiko ni ushirikina. Lakini kukijua kisa si kukisujudia. Na msomi anayeuliza tu iwapo Mbega aliishi kweli hana nafuu: yafaa aulize kwanza ngoma ile ilimwita nani, na kwa nini watu waliitika.