Chemshabongo za herufi za Kichina: acha kuchagua, andika

Nimekuwa kimya kidogo hapa, na sababu ni Kichina. Najifunza kuandika herufi zao, na kama kawaida yangu, badala ya kuketi nisome nikaanza kutengeneza programu.

Programu yenyewe ilikuwa rahisi. Tarakilishi inakupa neno la Kiswahili na herufi nne za Kichina, unabofya moja. Baada ya wiki tatu nilikuwa napata tisa kwa kumi, siku nyingine kumi kwa kumi, nikajiona mjuzi. Halafu siku moja nikiwa kwenye foleni ya benki nikajaribu kuandika "tafadhali" nyuma ya risiti. Wapi! Nilikumbuka tu kwamba kuna kitu kidogo upande wa kushoto.

Ndiyo maana nasema chemshabongo za namna hii zinatudanganya. Zinafundisha kutambua herufi, na sisi tunadhani tumefundishwa kuandika.

Tena si sisi wageni peke yetu. Wachina wana msemo, 提笔忘字 (tí bǐ wàng zì), yaani unashika kalamu, unasahau herufi. Wengi wao kwenye simu huchapa sauti ya neno kwa herufi za Kilatini, kisha huchagua herufi kwenye orodha inayojitokeza. Ni programu yangu ile ile! Mwaka 2013 televisheni ya taifa, CCTV, ilianzisha shindano la imla ya herufi kwa wanafunzi. Imla kwenye televisheni, jamani.

Najua kuna atakayeuliza: ikiwa Mchina mwenyewe anachapa, wewe kalamu ya nini? Swali la haki. Kama haja yako ni kuagiza bidhaa Guangzhou na kupiga gumzo na muuzaji, achana na kalamu kabisa. Lakini mimi nimegundua kwamba herufi nisiyoweza kuiandika ndiyo ninayoichanganya nikisoma. Tazama 晴 na 睛. Ya kwanza ni anga isiyo na mawingu, ya pili imo ndani ya neno la jicho. Tofauti ni mstari mmoja tu, kwa sababu upande wa kushoto moja ina jua 日 na nyingine ina jicho 目. Ukibofya tu, macho yanapita juu juu. Ukiandika, mkono unalazimika kuamua.

Basi nikavunja programu nikaanza upya. Safari hii chemshabongo inakupa vipande. Herufi nyingi za Kichina zina kipande cha maana na kipande cha sauti. Chukua 青 (qīng) kama sauti. Ukiweka maji kushoto unapata 清, safi kama maji. Weka moyo, unapata 情, hisia. Weka usemi, unapata 请, na hiyo ndiyo "tafadhali" iliyoniaibisha benki! Programu inakuachia 青 upande wa kulia na nafasi tupu kushoto, inakutajia maana, wewe unajaza. Kwa dakika kumi unapata ukoo mzima.

Hapa nina ugomvi na wanaofundisha kwa hadithi za kubuni. Watakwambia 妈, mama, ni mwanamke 女 na farasi 马 kwa kuwa mama hufanya kazi kama farasi. (Kwetu angekuwa punda.) Hadithi tamu, lakini farasi yupo kwa ajili ya sauti tu, mǎ. Ukishajua hivyo, unamkuta tena kwenye 骂, kukaripia, akiwa na midomo miwili juu yake, na kwenye 码 akiwa na jiwe, herufi iliyomo katika 代码, msimbo wa programu. Hadithi ya mama haikusaidii hata kidogo kufika huko.

Kwa mafundi wenzangu: Unicode ina alama za kueleza vipande vimepangwaje, tangu toleo la 3.0 la mwaka 1999. ⿰ ni kushoto na kulia, ⿱ ni juu na chini. Kwa hiyo ⿰石马 ni 码. Mimi nachanganya vipande, mchezaji anavipanga. Siku ya pili naficha kimoja. Siku ya tatu hakuna kitu, ni maana na sauti tu, na hapo unafunga tarakilishi, unachukua daftari la hesabu lenye miraba, unaandika. Kwa mpangilio wa mistari natumia Hanzi Writer, programu huria ya JavaScript inayokataa mstari uliokosewa. Ilinikatalia 口, mdomo, mara kadhaa. Nilikuwa nachora mraba kwa mistari minne, kumbe ni mitatu: wa juu na wa kulia huandikwa bila kuinua kalamu.

Na mchezo huu si uvumbuzi wangu. Wachina hutegeana vitendawili vya herufi kwenye Sikukuu ya Taa, siku ya 15 ya mwezi wa kwanza wa kalenda yao. Kimoja ni hiki: mtu akiwa nacho anakuwa mkubwa, mbingu ikikipoteza inakuwa kubwa. Jibu ni 一, moja. Mtu 人 akiongezewa mstari huo ni 大, kubwa. Mbingu 天 ikiondolewa mstari wa juu ni 大 pia. Hapo hakuna majibu manne ya kubofya, lazima uichore kichwani.

Haya, kitendawili! Moja kujumlisha moja, jibu si mbili bali ni mtu mwenye taji. Chukua kalamu, anza juu ushuke chini, na alama ya kujumlisha iandike kama ilivyo.