Si kila alama ya picha ni ugonjwa wa jino



Hivi karibuni nilimpeleka mama yangu kutoka hapa Buseresere hadi zahanati moja ya meno mjini. Jino lake la nyuma, lililokwisha kutibiwa mzizi miaka iliyopita, lilikuwa likimsumbua. Ilipopigwa eksirei, ulionekana mstari mweupe mwembamba, mfano wa sindano iliyovunjikia ndani ya mzizi. Tukaambiwa jino ling'olewe.

Kabla ya kuchomwa ganzi, tabibu mwingine aliitazama picha, akataka irudiwe kwa bamba jingine. Mstari haukuonekana tena. Kumbe mkwaruzo ulikuwa wa bamba, wala si wa jino.

Bamba hilo ni jembamba, na uso wake umepakwa fosfori inayohifadhi nguvu ya mionzi. Likiingizwa mashineni, mwanga wa leza hulisoma na picha hutokea kwenye kompyuta. Kisha picha hufutwa kwa mwanga mkali, bamba likamngoja mgonjwa mwingine. Hapo ndipo penye neema na mtihani, kwani bamba moja huingia vinywa vingi. Likikwaruzwa au kung'atwa, huonyesha alama nyeupe. Likikaa mwangani kabla ya kusomwa, picha hufifia. Lisipofutwa vyema, hubaki kivuli cha mgonjwa aliyetangulia.

La usafi ni zito zaidi. Bamba halichemshwi kama koleo, kwani joto huliharibu. Kinga yake ni kifuko cha plastiki kilichofungwa, kipya kwa kila mgonjwa. Kitokapo kinywani hufutwa kwa dawa, kisha hufunguliwa na bamba likadondoshwa mahali safi bila kuguswa na glovu yenye mate. Tusilione jambo hili dogo: virusi vya homa ya ini aina ya B vyaweza kuishi nje ya mwili hata siku saba.

Nami nakiri kosa langu. Siku ile niliiona glovu iliyotoka kinywani mwa mama ikilishika bamba tupu. Nilitaka kusema, mama akaninong'oneza, "Mwanangu, usimsumbue daktari." Nikanyamaza. Hakuna aliyenilaumu, ila nafsi yangu hainipi raha, kwani nyuma yetu alikuwapo mtoto akingoja zamu yake.

Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, husimamia usalama wa vifaa vya mionzi. Lakini msimamizi hawezi kusimama kando ya kila kiti cha mgonjwa. Basi tuulize kwa adabu: Je, kifuko hiki ni kipya? Na kabla ya kung'oa, je, alama hii imo jinoni au kwenye bamba? Kurudia picha huongeza mionzi kidogo, hivyo tusiidai ovyo. Ila panapo shaka ya kweli, jino likishang'olewa halirudi.

Kumheshimu tabibu ni wajibu, na kumlinda anayekuja baada yetu ni amana.

Wabillahi tawfiq.