Si Jina Linalotakasa Wimbo



Katika mikutano yetu ya parokia swali hili hurudi kila mara: je, kijana Mkristu anaweza kusikiliza muziki wa metali, ule wenye gitaa za kishindo na maneno ya kaburi na giza? Na kila mara jibu hutolewa kabla swali halijamalizika: huo ni muziki wa dunia, tena wa shetani, ufuteni katika simu zenu, mshike nyimbo zinazotaja jina la Yezu. Sisi tuliokabidhiwa kazi ya kufundisha tunakiri kwamba nasi tumewahi kujibu hivyo, maana ni jibu jepesi. Leo tunalikataa. Hatusemi kwamba muziki wote ni mwema. Tunasema kwamba jibu hilo linamzoeza kijana kusoma jina lililobandikwa juu ya wimbo na kuacha kuusikiliza wimbo wenyewe.

Tutwae mfano mmoja. Mwaka 1994, katika kambi ya vijana Wakristu huko Arkansas, Marekani, walikutana watoto wawili wenye umri wa miaka 13 hivi. Msichana, Amy Lee, alikuwa akipiga piano. Mvulana, Ben Moody, alimsikia akavutwa. Wakaanza kutunga pamoja, na kundi lao wakaliita Evanescence, neno lenye maana ya kutoweka kama ukungu. Mwaka 2000, wakiwa na mwenzao David Hodges, walitoa diski iitwayo Origin, yaani Chanzo. Zilitengenezwa nakala 2.500 tu. Amy Lee mwenyewe alikuja kuihesabu kuwa rekodi ya majaribio, kama zile ambazo wanamuziki wasiojulikana huzitengeneza ili wapate kusikilizwa.

Ndani yake mna nini? Mna nyimbo 11, na nyingi zina huzuni. Mmoja unalilia utoto uliopotea. Mwingine ni wa mtu asiyekubali kuachana na mpenzi wake aliyekufa. Mwingine, uliokuja kujulikana duniani kote kwa jina la My Immortal, ni wa mtu anayesumbuliwa na kumbukumbu ya mwenziwe asiyekuwepo tena. Amy Lee alimpoteza mdogo wake wa kike alipokuwa yeye mwenyewe mtoto wa miaka sita. Anayeimba juu ya kifo baada ya msiba kama huo, nani atathubutu kumwambia kwamba anacheza na giza?

Sasa angalieni yaliyofuata. Mwezi wa tatu wa mwaka 2003 kundi hilo lilitoa albamu yake kubwa, Fallen, na nyimbo tatu za ile diski ndogo zikaingia humo. Albamu iliuzwa pia katika maduka ya vitabu vya Kikristu, na redio za Kikristu zikaipiga. Punde wanamuziki wakasema mbele ya waandishi wa habari, tena kwa maneno makali, kwamba hawataki kuitwa kundi la Kikristu. Mwezi wa nne, mkuu wa kampuni iliyowatoa aliyaandikia maduka na redio hizo akiomba albamu iondolewe. Ikaondolewa.

Tunauliza: ni kitu gani kilichobadilika katika nyimbo zile? Hakuna hata noti moja. Hakuna hata neno moja. Mama aliyemnunulia mwanawe diski mwezi wa tatu alidhani amemnunulia kitu kitakatifu. Mwezi wa tano angeambiwa amemletea nyumbani kitu cha dunia. Diski ni ile ile. Utakatifu ule ulikuwa karatasi, na karatasi ilibanduliwa.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Njia mojawapo ya kujitembeza ni kuvaa jina takatifu. Hapa kwetu pia tunaona jina la Bwana likiandikwa juu ya kila bidhaa, na nyimbo zenye kumtaja Yezu kila mstari huku shabaha yake ni kumsifu tajiri aliyelipa. Tukiwafundisha vijana kuamini jina lililobandikwa, tumewakabidhi kwa wachuuzi. Na tuseme wazi: msanii anayekataa jina asilotaka kulibeba ni mkweli kuliko mfanyabiashara anayelibandika kwa ajili ya soko.

Wengine watatujibu: hata hivyo, muziki wa huzuni namna hiyo si wetu. Si wetu? Zaburi ya 88 inaishia gizani, bila aya moja ya faraja, na Kanisa halikuifuta. Kwa karne nyingi Misa ya wafu ilikuwa na utenzi wa kutisha juu ya siku ya hukumu. Mozart aliutungia muziki, akafariki mwaka 1791 kabla hajamaliza. Sehemu iitwayo Lacrimosa, yaani ya machozi, ilibaki na vipimo vichache tu vya mkono wake. Muziki huo huo wa machozi Amy Lee aliusikia utotoni ukamgusa, na mwaka 2006 kundi lake likaujengea wimbo juu yake. Basi giza tunalolikemea, sehemu yake ilitoka kwetu. Na Bwana wetu mwenyewe, mbele ya kaburi la Lazaro, hakuanza kwa kuimba aleluya. Alilia kwanza.

Hatufundishi kwamba machozi yanatosha. Huzuni inayojifungia ndani huwa gereza, na yako makundi ya metali yanayoidhihaki imani kwa makusudi, hayo tusiyatetee. Lakini kijana aliyefiwa, anayejifungia usiku na wimbo wa namna hii masikioni, hahitaji mtu wa kumnyang'anya simu. Anahitaji mtu wa kumwuliza: nani amekufa? Tukiufuta wimbo bila kuuliza, tumemwachia msiba wake na tumemwondolea sauti aliyokuwa ameipata ya kuusema.

Mtume Paulo aliwaagiza Wathesalonike wapime mambo yote na kushika lililo jema. Kupima ni kazi. Kusoma karatasi si kazi. Basi waongozi wa vikundi, kaeni na vijana wenu, sikilizeni wimbo mpaka mwisho, kisha mwulizane: unasema kweli juu ya mwanadamu? Unamwacha msikilizaji akiwa mtu wa kupenda zaidi, au wa kuchukia? Unamfungulia mlango, au unamfungia? Maswali hayo yaulizwe kwa nyimbo za metali, na yaulizwe kwa ukali ule ule kwa nyimbo zenye jina la Yezu. Mtakaposhangaa ni zipi zinazoanguka, ndipo mtakapokuwa mmeanza kusikiliza.