Waifai haionekani? Kadi inaweza kuwa nzima

Tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft iliposimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10, mzazi mwenye kompyuta ya zamani isiyokubali Windows 11 anaweza kushauriwa na fundi aweke Linux. Ushauri mzuri. Linux ni ya bure, na ni programu huria: yeyote anaruhusiwa kuisoma, kuirekebisha na kuigawa. Uhuru wa namna hiyo ndio uliowawezesha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuitoa OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, ikaitwa Jambo OpenOffice.

Tatizo hujitokeza kompyuta ikisharudi Pangani kutoka kwa fundi wa Tanga mjini. Inawaka, mtoto anaandika, lakini waifai haionekani kabisa. Mzazi anaambiwa kadi imekufa. Nauli nyingine hiyo (wa Bweni aongeze na ya kivuko), na pesa ya kadi mpya juu yake.

Huenda kadi ni nzima. Kadi nyingi za waifai huhitaji programu ndogo ya kiwandani, famwea, ndipo zifanye kazi. Kiwanda huitoa imefungwa: itumie, ila usione ilivyoandikwa. Kwa baadhi ya kadi za zamani za Broadcom masharti ni makali zaidi. Famwea yake haigawiwi pamoja na Linux, lazima ipakuliwe kwenye intaneti, na intaneti ndiyo inayokosekana! Ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba.

Debian, mojawapo ya Linux kongwe, kwa miaka mingi haikuweka famwea za aina hii kwenye toleo lake rasmi. Hoja ilikuwepo: programu isiyosomeka haikaguliki, na kiwanda kikiitelekeza hakuna mwingine wa kuirekebisha. Mwaka 2022 wanachama wakapiga kura kuziruhusu, na Debian 12 ya Juni 2023 ikaja nazo. Kwa mwanafunzi anayesubiri mtihani, walifanya la maana.

Kadi ikigoma, ijaribiwe simu ya Android. Iunganishwe na kompyuta kwa waya wa USB, kisha kwenye mipangilio iwashwe sehemu ya kugawa intaneti kwa USB. Kwa kawaida Linux huipokea bila famwea yoyote, na famwea ya kadi inapakuliwa kwa bando dogo. Waya uwe unaopitisha data. Baadhi ya zile za bei poa huchaji tu.

Bora zaidi, fundi aombwe aiwashe Linux kutoka kwenye flashi kabla ya kuiweka, mzazi ajaribu waifai, sauti na kamera palepale dukani. Na picha za familia zihamishwe mapema, maana kuweka mfumo mpya mara nyingi hufuta kila kilichomo.