Kamera Ipi Iingie Darasani?

Katika vyuo vyetu vya ualimu husisitizwa sana kwamba mtoto wa shule ya msingi hujifunza kwa kuona, kugusa na kutenda. Kwa sababu hiyo mwalimu mwanafunzi hufundishwa kutengeneza zana kutokana na vitu vinavyomzunguka: vizibo vya chupa vya kuhesabia, kadi za maneno, chati za karatasi za mifuko ya saruji. Siku hizi kamera ya kidijitali nayo imeingia katika orodha ya zana hizo. Inapotokea kwamba shule imepata fedha kidogo, ama kwa michango ya wazazi ama kwa mavuno ya shamba la shule, swali huulizwa katika kikao cha walimu: tununue kamera gani? Mara nyingi jibu hutolewa haraka, nalo huwa ni kwamba inunuliwe iliyo bora. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo halitoshi, maana halisemi ni bora kwa kazi gani, wala kwa mikono ya nani.

Nitalinganisha aina mbili za kamera. Ya kwanza ni kamera ya kubadilisha lenzi isiyo na kioo. Ya pili ni kamera ndogo sana ya mfukoni, ambayo lenzi yake haitoki. Maoni yangu nayaweka wazi tangu mwanzo: kamera ya mfukoni ndiyo ifaayo darasa la shule ya msingi, na kamera isiyo na kioo mahali pake ni chuoni.

Tofauti zilizopo

Hapana budi kwanza kueleza majina yenyewe. Kamera kubwa za zamani zilikuwa na kioo kilichosimama kwa mshazari nyuma ya lenzi. Kioo hicho kiliirusha nuru juu, hata ikafika kwenye kidirisha cha kutazamia. Mpiga picha alipobonyeza kitufe, kioo kiliinuka na nuru ikapita kwenda kwenye filamu. Katika kamera isiyo na kioo, nuru huanguka moja kwa moja juu ya kihisi-nuru, yaani kile kisahani chembamba kinachofanya kazi iliyofanywa na filamu, kisha taswira huonekana kwenye kiwambo kilicho nyuma ya kamera. Panasonic Lumix DMC-G1, iliyotolewa mwaka 2008, ilikuwa miongoni mwa kamera za kwanza za namna hii. Kamera ya mfukoni nayo haina kioo cha kurushia nuru, lakini jina hilo hutumiwa kwa zile za kubadilisha lenzi tu.

Kamera za mfukoni zilitangulia. Mwaka 2000 kampuni ya Canon ilitoa Digital IXUS, kamera iliyoweza kuingia katika mfuko wa shati, yenye megapikseli 2.1, yaani nukta milioni mbili na kidogo katika kila picha.

Ili tusizungumze kwa jumla mno, tuchukue kamera mbili za kampuni hiyo hiyo zilizotolewa karibu wakati mmoja. IXUS 185 ya mwaka 2017 ni ya mfukoni. Ina megapikseli 20 na uzito wa gramu 126. EOS M50 ya mwaka 2018 haina kioo. Ina megapikseli 24, na uzito wake pamoja na lenzi yake ya kawaida ni kiasi cha gramu 520. Mtu akisoma hesabu za megapikseli peke yake, atadhani kwamba kamera hizi zinakaribiana sana. Hapo ndipo wengi wanapopotoshwa na maandishi ya kwenye boksi. Kihisi-nuru cha ile ndogo kina upana wa milimita 6.2 na kimo cha milimita 4.6, cha ile kubwa ni milimita 22.3 kwa 14.9. Mwalimu wa hisabati akizidisha ataona kwamba eneo la kile kikubwa ni zaidi ya mara 11 ya eneo la kile kidogo. Kikombe na beseni vikiwekwa mvuani kwa muda ule ule, havikingi maji sawa. Vivyo hivyo kamera kubwa hukinga nuru nyingi zaidi, na kwa sababu hiyo picha zake za mahali penye giza huwa safi, ilhali za ile ndogo huwa na chengachenga.

Jambo hili ni kweli, na anayeipenda kamera kubwa ana haki ya kulitaja. Lakini tujiulize: picha ya darasani yahitaji nini? Picha ya kubandika ukutani yenye upana wa sentimita 15 na kimo cha sentimita 10, ikichapwa kwa nukta 12 katika kila milimita, huhitaji nukta 1,800 kwa 1,200, yaani 2,160,000. Hata ile IXUS ya mwaka 2000 iliikaribia sana kazi hiyo. Zaidi ya hapo, megapikseli za ziada humfaa mtu anayetaka kuchapa bango kubwa au kukata kipande kidogo cha picha na kukikuza.

Vipimo vya mwalimu

Mpiga picha hupima kamera kwa uzuri wa picha. Mwalimu yampasa kuipima kwa somo, nami napendekeza vipimo vitatu.

Kipimo cha kwanza ni mikono itakayoishika. Tuseme darasa lina watoto 60 na kipindi ni cha dakika 40. Ikiwapo kamera moja, hata kama hakuna jambo jingine litakalofanyika katika kipindi hicho, kila mtoto ataishika kwa sekunde 40. Zikiwapo kamera tano, kila mtoto atapata dakika tatu na sekunde 20. Kwa bei ya kamera moja isiyo na kioo pamoja na lenzi yake, shule yaweza kupata kamera kadhaa za mfukoni zilizokwisha kutumika. Na hizo hazijaadimika. Kwa takwimu za CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera chenye makao yake Japani, kamera za kidijitali zaidi ya milioni 120 zilitoka viwandani kwenda madukani mwaka 2010. Mwaka 2020 hazikufika milioni 10. Watu walihamia kwenye simu, na kamera zao ndogo zikabaki makabatini. Mwalimu akiomba katika mkutano wa wazazi, huenda akapewa mbili tatu bure. Azikague tu kama betri zinashika chaji na kama chaja zake zipo.

Aidha, chombo cha thamani kubwa huzaa woga. Kamera ya gharama hufungiwa katika kabati la ofisi. Hutolewa siku ya mahafali na siku ya ugeni, na hapo hushikwa na mwalimu peke yake. Mtoto huwa mpigwa picha, kamwe hawi mpiga picha. Zana ambayo mwanafunzi haruhusiwi kuigusa ni pambo la shule.

Kipimo cha pili ni kitu kinachotazamwa. Katika somo la sayansi mtoto hutazama vitu vidogo: mbegu inayoota, mdudu, mishipa ya jani. Hapa udogo wa kihisi-nuru unageuka kuwa faida. Kamera ya mfukoni huweza kusogezwa hadi sentimita chache tu kutoka kwenye kitu na bado ikakionyesha vizuri; lenzi ya kawaida ya ile EOS M50 hudai umbali wa sentimita 25, na anayetaka kuona kwa karibu zaidi hana budi kununua lenzi nyingine. Tena, kamera ndogo huonyesha wazi vitu vilivyo karibu na vilivyo nyuma yake kwa pamoja. Kamera kubwa, hasa ikifunguliwa lenzi yake sana, huonyesha wazi kitu kimoja na kuyafifisha yaliyo nyuma. Jambo hilo hupendeza katika picha ya bibi harusi. Katika picha ya mmea, mtoto anahitaji kuona jani, shina na udongo pia.

Kipimo cha tatu ni maisha ya kamera yenyewe. Darasa letu lina vumbi la chaki na la sakafu. Lenzi ya kamera isiyo na kioo inapong'olewa, kihisi-nuru hubaki karibu na hewa, na punje za vumbi zikitua juu yake huacha madoa katika kila picha inayofuata. Kamera ya mfukoni haifunguliwi. Hata hivyo nayo ina udhaifu wake: bomba la lenzi hutoka na kurudi, na mchanga ukiingia hapo hukwama. Watoto wafundishwe tangu siku ya kwanza kuvaa kamba ya kamera mkononi, kutoiweka chini mchangani, na kuizima kabla ya kuirudisha katika mfuko wake.

Mfano wa somo

Tuchukue mada ya kuota kwa mbegu. Mwalimu agawe darasa katika vikundi, na kila kikundi kipande maharage katika kopo. Kila siku, saa ile ile na mahali pale pale, kikundi kipige picha ya kopo lake, rula ikiwa imesimamishwa kando ili urefu usomeke. Mtoto mmoja apige picha, mwingine ashike rula, wa tatu aandike tarehe na kipimo daftarini. Kesho yake wabadilishane kazi. Baada ya wiki mbili picha hizo zipangwe kwa mfuatano, kwanza bila tarehe, na watoto wa kikundi kingine waulizwe ipi ilitangulia ipi, na wanajuaje.

Mwalimu aweke sharti moja: kila kikundi kina ruhusa ya picha tatu tu kwa siku. Kadi ya kumbukumbu yaweza kubeba mamia ya picha, nao watoto wakiachwa watabonyeza ovyo. Macho hayana pazia, walisema wahenga. Huona yote yaliyo mbele yao bila kuchagua. Sharti la picha tatu humlazimisha mtoto kuchagua, na ili achague hana budi kutazama kwanza. Hapo ndipo kamera inapokuwa zana ya kufundishia.

Mambo yanayopingwa

Wapo watakaosema kwamba madarasa yetu mengi hayana nuru ya kutosha, kwa hiyo kamera ndogo itashindwa. Jibu langu ni kwamba darasa la msingi halikufungwa ndani ya kuta nne. Kopo la maharage laweza kutolewa kivulini nje, ambako nuru ni nyingi na laini. Ikibidi kupiga picha ndani, kamera iwekwe juu ya mfuko mdogo wa mchanga uliofungwa vizuri, ili isitikisike, na ichukue muda wake kukusanya nuru.

Wengine watauliza: kwa nini tusitumie simu ya mwalimu? Picha za simu nyingi za sasa ni nzuri. Lakini simu ya mwalimu ina barua zake, namba za watu wake na fedha zake. Hawezi kuwaachia watoto 60. Kamera ya mfukoni haipokei mwito, na nyingi hazina intaneti. Ikianguka mkononi mwa mtoto mtundu, ataona picha za maharage tu. Hata hivyo picha za watoto wenyewe zina heshima yake: zisipigwe wala zisipelekwe nje ya shule bila ridhaa ya wazazi.

Hoja ya tatu ina nguvu zaidi. Kamera isiyo na kioo hurekodi mwendo na sauti vizuri, na nyingi, EOS M50 ikiwamo, zina tundu la kuchomekea maikrofoni. Hilo nalikubali, na ndiyo sababu nimesema mahali pake ni chuoni. Katika zoezi la kufundisha kikundi kidogo kwa dakika chache, utaratibu ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, katika miaka ya 1960, mwalimu mwanafunzi hurekodiwa, kisha hujitazama pamoja na wenzake. Humo chumbani kuna giza la jioni, kuna sauti za kunaswa, na kuna mkufunzi wa kukitunza chombo. Kazi hiyo yaistahili kamera kubwa.

Hitimisho

Ndugu mwalimu mwanafunzi, muda si mrefu utapangiwa shule, na huenda siku moja ukaombwa ushauri juu ya ununuzi kama huu. Usianze kwa kusoma sifa zilizoandikwa kwenye boksi. Anza kwa kufungua andalio lako la somo na kuuliza: katika kipindi hiki, mtoto atafanya nini na chombo hiki? Ukiona kwamba mtendaji ni wewe tu, na watoto wote wameketi wakikutazama, zifikirie upya fedha hizo. Shule yenye kamera tano ndogo zilizochubuka kwa kushikwashikwa na watoto imefundisha zaidi kuliko shule yenye kamera moja ing'aayo kabatini.