Sumaku Pekee Haitoshi

Kalamu yangu leo inawaelekea mafundi wa juakali, kuanzia Kitale hadi Bungoma, na pia sisi wanafunzi tunaopita mbele ya vibanda vyao kila jioni tukidhani sayansi imebaki maabarani.

Hapa kwetu mtu akitaka kutambua chuma hutoa sumaku. Ikinata ni chuma, isiponata ni alumini ama shaba, basi! Lakini vijiko vingi visivyoshika kutu havivutwi na sumaku, na hali vimejaa chuma. Tena sumaku hunata vilevile kwenye nondo na kwenye chuma cha kumimina, ilhali vyuma hivi viwili ni mbingu na ardhi.

Hapo ndipo watu wetu wanapoumia. Puli ya mashine ya posho ikipasuka, fundi mwenye haraka huichomelea kwa rodi ya kawaida bila kuipasha moto kwanza. Kumbe puli nyingi ni za chuma cha kumimina, chenye kaboni ya asilimia 2 hadi 4. Kikipoa ghafla hupata ufa kando ya mshono. Mwenye mashine amekwisha kulipa, na akina mama wamepanga foleni na mahindi yao.

Je, ni kazi gani kukigusisha kwanza kwenye jiwe la kunolea? Nondo hurusha cheche ndefu za manjano karibu nyeupe. Chuma cha kumimina hutoa cheche fupi, nyekundu-nyekundu, zinazofia karibu na jiwe. (Miwani uvae lakini!) Alumini usiisage hapo, huziba jiwe. Tupa nayo husaidia: chuma laini huliwa, kilichokazwa kwa moto huiteleza tu.

Sisi nasi tunakariri kwamba sentimita moja ya ujazo ya alumini ina gramu 2.7 na ya shaba 8.9, tunapata alama, halafu tukipewa kipande mkononi tunakodoa macho. Naomba walimu wa sayansi wamwalike fundi mmoja, hata kama hana cheti. Vipande vitano vyatosha kuanzia: nondo, chuma cha kumimina, shaba nyekundu, shaba njano na alumini. Ila tununue kwa mwenye leseni, kama Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inavyotaka, tusije tukauziwa nyaya za stima za wizi.